Mahindi, mtama, wimbi au muhogo: unga upi wa ugali kwa boma lako?

Mvua ya masika ikikaribia huku magharibi mwa Kenya, kuanzia Nambale hadi Seme, watu wengi hurudia swali moja: kipande hiki cha shamba kipandwe nini ili jioni pasikosekane ugali? Wasio na shamba wana swali hilohilo wakisimama mbele ya wauza nafaka sokoni Luanda au Kibuye, mkononi wana pesa za gorogoro mbili tatu, yale makopo ya kupimia nafaka. Jirani anasema mahindi, maana watoto hawataki kingine. Mama mkwe anasema mtama na muhogo, maana ndio uliomlea. Mzee wa boma ameambiwa zahanati apunguze ugali mweupe, naye ameanza kuulizia wimbi. Kila mmoja ana sababu yake.

Nimekulia Busia, kwenye jiko ambalo unga wa aina hizi zote umepitia, na ninaona tunakosea tunapoanza na ladha. Ladha hufundishika. Kinachoamua ni udongo wako, mvua yako, na zaidi ya yote mikono itakayofanya kazi. Kwa hiyo nitalinganisha unga huu wa aina nne kwa mambo sita: shamba na mvua, kazi ya mikono, ghala, mashine na bei, sufuria na mboga, kisha mwili.

Shamba na mvua

Mahindi yanataka mvua ya kutosha na udongo ulioshiba. Kule juu Trans Nzoia, aina kama H614 hukaa shambani miezi sita na zaidi, na mkulima hajuti. Ukishuka kuelekea ziwani hesabu hubadilika. Mvua inaweza kukatika ghafla, na ikikatika mahindi yanapotoa mbelewele, msimu umeenda. Halafu kuna kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalojishika kwenye mizizi na kunyonya mmea kabla hata halijachomoza juu ya ardhi. Mmea mmoja wa kayongo humwaga makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja. Ukiling'oa baada ya kuchanua na kukomaa umechelewa. Wenye ng'ombe wana njia nzuri ya kulipunguza: watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita waliitoa ile mbinu ya sukuma-vuta, ambapo desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za napia pembeni. Kayongo hupungua, funza wa mabua hupungua, na lishe ya mifugo inapatikana hapohapo.

Mtama huvumilia jua kuliko mahindi. Mvua ikikatika hujikunja na kungoja, ikirudi huendelea. Lakini mtu asikudanganye kwamba unakimbia kayongo ukipanda mtama. Kayongo huushambulia vilevile, ingawa ziko aina zinazostahimili kuliko nyingine.

Wimbi hupenda udongo uliolainishwa sana, na hufanya vizuri zaidi kwenye maeneo ya katikati kama Kakamega, Bungoma na Kisii. Muhogo ndio mvumilivu kuliko wote. Hukubali udongo uliochoka, na kayongo haliugusi. Maradhi yake ni mengine: batobato, ambayo unaiona kwenye majani yaliyojikunja, na michirizi ya kahawia, ambayo inaweza kujificha hadi siku ya kuchimba, ukute mzizi umeoza ndani. Usichukue vipande vya kupanda kwa jirani kwa sababu tu ni vya bure. Kagua shina mama kwanza, na ikiwezekana kagua hata mizizi yake. Kumbuka pia kwamba muhogo utalikalia shamba mwaka mmoja au zaidi, wakati nafaka hizi nyingine, kwa huku chini, zinakupa nafasi ya kupanda tena mvua ya vuli.

Mikono ya nani?

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, maana ushauri mwingi wa kilimo huruka sehemu hii.

Mahindi yana kazi fupi inayojulikana: kupanda, kupalilia mara mbili, kuvunja, kuambua, kuanika, kupukuchua. Hata kijana aliyetoka mjini jana anaiweza. Ndiyo sababu moja kubwa mahindi yalishinda.

Mtama hudai mlinzi. Punje zikianza kujaa, ndege hufika alfajiri na kurudi jioni, na mtu lazima awe shambani nyakati hizo zote mbili. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watoto, wakiwa na makopo na manati. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bila karo mwaka 2003, watoto wako darasani, ambako ndiko wanakopaswa kuwa, na ulinzi umebaki kwa nyanya na mama. Wanaosema watu wameacha mtama kwa uvivu hawajaangalia ni nani aliyebaki nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Aina za kahawia kama Seredo husaidia kidogo, maana uchungu wa ganda lake huwachosha ndege. Nyeupe ni tamu kwetu, na kwao pia. Jambo jingine ni kupanda siku moja na majirani. Shamba la mtama likiwa peke yake kijijini, ndege wote wa eneo ni wake.

Wimbi ndio unaokula mgongo. Ukimwaga mbegu ovyo, yanaota magugu yanayofanana nao kabisa yakiwa machanga, na asiye na jicho la uzoefu atang'oa wimbi na kuacha gugu. Wanaopanda kwa mistari hupumua, kwa sababu kilichoota nje ya mstari kinang'olewa bila kuulizwa. Wakati wa kuvuna, kichwa hukatwa kimoja kimoja kwa kisu kidogo kinachoshikwa kiganjani, kidole gumba kikibana shingo ya suke na kisu kikipita chini yake. Havikomai pamoja, kwa hiyo unapita leo na unarudi wiki ijayo. Kisha kuna kupura, kupepeta, na kuosha mchanga. Robo ekari ya wimbi inaweza kumla mtu msimu mzima kama hana wa kumsaidia.

Kazi ya muhogo imesogezwa mbele tu. Shambani ni nyepesi, baada ya kuchimba ndipo inaanza. Kwenye maboma mengi ya Busia na Teso muhogo humenywa, hurundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka ulainike na uote ukungu, ukungu hukwanguliwa, kisha hupondwapondwa na kuanikwa. Wengine huuloweka majini. Usione hatua hizi kama mila tu. Aina chungu zina sumu ya sayanaidi, na ni huko kulowekwa, kuchachuka na kukaushwa kunakoiondoa. Anayekata njia kwa kuukausha haraka ili auze anawahatarisha wanaokula.

Ghalani

Wimbi ndio mfalme wa ghala. Punje yake ni ndogo kiasi kwamba wadudu hawana pa kuingia, na ukikaushwa vizuri hukaa miaka. Wazee waliutegemea kwa sababu hiyo wakati wa njaa.

Mahindi ni kinyume. Dumuzi akiingia, gunia la kilo 90 hugeuka vumbi kabla ya Krismasi. Na kabla ya dumuzi kuna unyevu. Mahindi yanapaswa kushuka hadi asilimia 13.5 ya unyevu ndipo yahifadhiwe, la sivyo ukungu hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2004, huko Ukambani, zaidi ya watu 100 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na haiondoki kwa kupikwa. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, funga, tikisa vizuri, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikibaki chini, endelea. Baada ya hapo mifuko isiyopitisha hewa hufanya kazi nzuri bila dawa, mradi mahindi yawe makavu na panya wasiitoboe.

Mtama uko katikati: hukaa kuliko mahindi, ila fukusi huupata. Muhogo una maajabu yake. Ghala lake la kwanza ni ardhi yenyewe, unachimba unaohitaji na mwingine unangoja. Jambo hili ni kubwa kati ya Aprili na Juni, wakati mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu bado mabichi. Ukishaukausha, lakini, dumuzi yuleyule wa mahindi anaupenda, kwa hiyo kausha kidogo kidogo.

Mashine na bei

Mahindi husagwa popote. Ukienda mashineni uchague mwenyewe: yasagwe mazima, au yakobolewe kwanza. Unga wa mahindi mazima huchacha haraka kwa sababu ya mafuta ya kiini, basi usisagishe wa mwezi. Jambo moja halisemwi vya kutosha: unga wa pakiti kisheria huongezwa vitamini na madini tangu mwaka 2012, lakini gorogoro lako la mashine ya kijijini kwa kawaida haliongezwi chochote. Ukila ugali uliokobolewa wa mashine kila siku, mboga ndizo zinazobeba mzigo wote.

Mtama na muhogo husagwa pamoja, vipande vikavu vya muhogo vikichanganywa na punje kwenye beseni kabla ya kumwagwa mashineni. Wimbi unahitaji chekecheke ndogo, na mwenye mashine anayejali ataibadilisha ukimwomba. Kama haukuoshwa, utasikia mchanga kwenye meno. Tatizo hilohilo liko kwa muhogo ulioanikwa kando ya lami, ambako vumbi la magari hutulia juu yake siku nzima. Nunua kwa mtu unayejua anaanika wapi.

Kwa bei, muhogo mkavu kwa kawaida ndio nafuu, wimbi ndio ghali, mara nyingi karibu maradufu ya mahindi, kwa sababu ya kazi niliyoeleza na kwa sababu unagombewa na wapika uji na wenye kimea cha busaa. Bei ya mahindi ndiyo inayoyumba zaidi. Mwaka 2017 ukame na viwavijeshi vamizi vilikutana, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ili pakiti ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90. Boma lililokuwa na muhogo ardhini lilipumua kidogo mwaka ule.

Sufuriani

Ugali wa mahindi ni mwepesi kujifunza. Maji yachemke, unga uingie, songa, funika uive, songa tena. Huenda na kila kitu: sukuma wiki, omena, nyama, maziwa. Kiporo chake na chai ya asubuhi ni chakula kamili cha mtu anayeenda kulima.

Mtama peke yake haushikani, hupasuka mkononi. Hapo ndipo muhogo unapoingia. Nakumbuka mke mdogo wa boma la jirani akiuliza, "Mama, mbona muhogo umekuwa mwingi kuliko mtama?" Mama mkwe wake akamjibu bila kuinua macho, "Mtoto wangu, leo ni mrenda. Ukiuweka kidogo utakula kwa kijiko." Alikuwa sahihi. Mrenda huteleza, unahitaji ugali mzito unaovutika ili tonge lishike. Wengi huchanganya sawa kwa sawa, wengine gorogoro mbili za muhogo kwa moja ya mtama. Muhogo ukizidi sana ugali huwa kama mpira na mkono unauma kuusonga. Ukipungua, unarudi kwenye kupasuka.

Ugali huu husongwa kwa nguvu na haraka, mwiko ukibanwa kwenye ukingo wa sufuria, mguu ukizuia sufuria isicheze. Ukishaiva, nusu kibuyu huchovywa majini, ugali huzungushwa ndani yake mpaka ung'ae, kisha huwekwa mezani ukiwa mviringo. Hauhitaji kukaa motoni muda mrefu, na kwa anayepika kwa kuni hilo lina maana.

Wimbi una harufu yake, ya kuokwa kidogo, na ugali wake ni laini ukichanganywa na muhogo kiasi. Ukiwa na kuku wa kienyeji, au mboga za kienyeji, saga na mitoo, zilizolala usiku kucha ndani ya maziwa, mgeni hatauliza ugali mweupe uko wapi. Muhogo mtupu, bila nafaka, husongeka, lakini huvutika mno na hauna ladha nyingi. Wachache huupika hivyo kwa hiari.

Watoto wanaoujua ugali mweupe peke yake watalalamika wiki ya kwanza. Anza na konzi ya mtama ndani ya unga wa mahindi, uongeze taratibu.

Mwilini

Wimbi una kalisi nyingi kuliko nafaka zote tunazosonga: zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, wakati mahindi hayafiki 30. Kwa mama mjamzito na mtoto anayekua hilo si jambo dogo. Mtama una protini kama mahindi au kuzidi kidogo, ila aina za kahawia zina tanini, ambayo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Uji wa mtama uliochachushwa hupunguza tatizo hilo. Unga wa mahindi mazima ni mzuri kuliko uliokobolewa. Muhogo hutoa nguvu tu. Protini yake ni asilimia moja au mbili hivi, kwa hiyo sahani ya ugali wa muhogo bila omena, maharagwe, samaki au maziwa hushibisha tumbo na kumwacha mtoto na njaa ya aina nyingine.

Kwa mwenye kisukari: ugali wa wimbi bado ni wanga. Unga wa wimbi uliojaa muhogo na kusagwa laini sana hautamsaidia kama anavyotarajia. Tonge lipungue, mboga ziongezeke, na ushauri wa zahanati ufuatwe.

Kila unga na mtu wake

Mahindi yanamfaa mwenye mvua ya uhakika, mbolea, na mahali pakavu pa kuhifadhi, na boma lenye watu wengi wa kula na wachache wa kulinda ndege. Mtama unamfaa aliye kwenye ardhi kavu, majirani zake wakipanda pia. Wimbi unamfaa mwenye kipande kidogo na mikono yenye subira, au mwenye pesa za kuununua kwa kiasi kwa ajili ya wazee na watoto. Muhogo unamfaa anayeogopa miezi ya njaa, mwenye shamba la pembeni lisilohitajika kila msimu, na aliye tayari kuutayarisha ipasavyo.

Ukiangalia hali yako

Kama uko Vihiga na shamba lako ni dogo kiasi cha kuona mpaka mmoja ukiwa umesimama kwenye mwingine, usililaze kwa muhogo wote. Panda mahindi na maharagwe katikati yake, mboga za kienyeji karibu na jiko, na ununue muhogo mkavu na mtama sokoni.

Kama uko Seme, Nyakach au Bondo, ambako mvua hukatika, weka mtama kwenye sehemu kubwa na muhogo kwenye ile iliyochoka. Mahindi yapate sehemu yenye samadi. Ongea na majirani kabla ya kupanda mtama, mkubaliane wiki moja.

Kama kayongo limekuzidi, pumzisha eneo hilo kwa muhogo au kwa maharagwe, au anza sukuma-vuta ikiwa una ng'ombe wa kula hayo majani. Kurudia mahindi hapohapo ni kulilisha.

Kama wewe ni mama unayelima peke yako, watoto shuleni na mume yuko mjini, sisiti kusema hili: mtama mwingi utakuchosha bila kukulipa. Panda mahindi ya muda mfupi, muhogo mtamu usio na matayarisho marefu, na mistari michache tu ya wimbi kwa uji wa watoto. Anayetaka ule mtama kila siku aje akae shambani alfajiri.

Kama unaishi Kisumu mjini na unanunua kila kitu, nunua mahindi mazima na uyapeleke mashineni mwenyewe, au pakiti iliyoongezwa virutubisho kwa siku za haraka. Jumamosi au siku ya wageni, chukua gorogoro moja la wimbi lililooshwa, changanya na nusu gorogoro ya muhogo mkavu, sagisha laini.

Na kama una mtoto wa chini ya miaka miwili, muhogo usiwe msingi wa uji wake. Tumia wimbi, au mtama uliochachushwa, uongeze maziwa au omena iliyosagwa, hata kama ugali wa watu wazima jioni utabaki wa muhogo.